Pembe ya Mzee Koileken

Siku yangu ya kwanza kazini, Mutiso alinipa filimbi, kamba ya katani na buti za mpira ambazo mguu wangu ungeweza kulala ndani ukajigeuza. Nilimwuliza kama kuna saizi ndogo. "Maji ikikuja haitakuuliza saizi," alinijibu, akaendelea kukoroga sukari kwenye chai yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya kuanza kazi. Nyinyi mliokuja juzi mlipelekwa hotelini Naivasha wiki nzima mkarudi na mikoba mipya. Sina wivu, nasema tu.

Mliponiaga mlinipa shuka na saa ya ukutani, halafu mkaniomba niwaandikie niliyoyaona. Saa nimeitundika, ingawa sina tena mahali pa kuchelewa. Kuandika ndiko kulikonishinda kwa muda, kwa sababu nilijua nikianza tu nitafika kwenye ile pembe, na sikutaka kufika. Sasa nimeamua kufika. Mtanisamehe nikienda polepole.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili mjini Kajiado, kimoja chetu na kingine cha popo. Mimi nilikuwa nikiishi Kitengela na mume wangu na binti yetu Njeri, tumetoka Nyeri tukifuata ardhi kama wengi wetu. Mutiso alikuwa mzima moto mstaafu kutoka upande wa Athi River, mtu mfupi, mwenye sauti kubwa na hasira za karibu. Kazi yetu, kama alivyoieleza, ilikuwa kuingia katika nyumba ya mtu na kumwambia jinsi itakavyoanguka. Angeingia, asalimie, halafu macho yake yaanze kutembea: jiko liko wapi, mafuta ya taa yamewekwa wapi, mlango unafungukia ndani au nje, watoto wanalala upande gani. Mwenye nyumba alidhani tunapiga hesabu ya kumwibia.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na redio ya betri, debe tupu, filimbi, kamba, na kitambaa cha kaniki alichochora fundi mmoja wa mabango: upande mmoja nyumba inaungua, upande wa pili watu wanapanda kilima huku mto umefurika nyuma yao. Yule fundi hakujua kuchora watu wenye hofu. Wote walikuwa wakitabasamu. Kila tulipokitundika kitambaa kile, mtu alicheka, na Mutiso aligundua kwamba mtu akishacheka atakusikiliza. Kwa hiyo hatukukibadilisha mpaka kilipochakaa.

Kitengela ndiko kulikonitoa jasho. Wakati ule mji ulikuwa unaanza kuchipuka, watu wananunua ploti kiangazi, wakati ambapo kila bonde ni kavu na kila mtu ni tajiri wa matumaini. Ukimwambia Mkikuyu mwenzangu kwamba nyumba yake ameijenga kwenye njia ya maji, anaingia ndani na kutoka na title deed. Nikawa nawaambia maji hayajui kusoma. Hawakunisikiza. Wafanyabiashara Waislamu waliotoka kaskazini mashariki walikuwa rahisi kidogo, kwa sababu wao huko walikotoka wameshaona mto mkavu ukiamka. Abdi wa duka la nafaka aliinua magunia yake juu ya mawe wiki ile ile niliyozungumza naye, akanipa na soda. Jirani yake alingoja mpaka unga ukawa uji.

Lakini kwa Wamaasai wa kando ya mto tatizo lilikuwa jingine. Pale watu wanaiomba mvua mwaka mzima. Mvua ni baraka, ni jina la Mungu mwenyewe. Sasa unakuja wewe, mwanamke wa Nyeri, na buti zako kubwa, unasema tujiandae mvua isituue. "Mbona unatuitia mabaya?" mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu.

Aliyenipa jibu ni Naserian.

Alikuwa mke wa Mzee Koileken, na boma lao lilikuwa limekaa pale mto unapopinda, juu kidogo, mahali ambapo unaona maji kabla hayajafika kwa mwingine yeyote. Nasema maji, lakini miezi mingi pale ni mchanga tupu. Mbuzi wanalala humo. Watoto wanacheza mpira humo. Mvua inanyesha Ngong au nyuma ya Laiser Hill, huku kwenu jua linawaka, na ghafla mto unashuka ukiwa umebeba miti. Ndiyo maana haukuwa mto wa kuaminiwa.

Siku ya kwanza nilimkuta Naserian juu ya paa la nyumba yake, anapaka kinyesi cha ng'ombe, mikono imejaa mpaka kwenye viwiko. Nyumba ni ya mama kule. Yeye ndiye hujenga, yeye ndiye huziba.

"Takwenya," nilimwamkia.

"Iko," aliitikia, bila kushuka. "Wewe ndiye mama ya mafuriko?"

Nilisema ndiyo. Alinitazama buti.

"Hiyo kiatu ni ya bwana yako?"

Tukacheka wote wawili, na tangu siku hiyo tukawa marafiki. Aliponiingiza ndani aliniketisha karibu na kichumba cha ndama kilichomo humo ndani, tukanywa chai ya maziwa iliyonuka moshi. Nilianza maneno yangu ya mvua na hatari. Alinikatiza.

"Mama Njeri, mimi sitaki mambo mingi. Niko na kijana mmoja tu. Hao wengine Mungu alichukua wakiwa wadogo. Huyu anachunga ng'ombe ng'ambo, kila siku anavuka. Mimi nataka hii mto ikikuja, akuwe upande yoyote, hii ama ile. Lakini asikuwe katikati."

Ndilo jibu nililolitumia miaka yote iliyobaki kila nilipoulizwa kwa nini naitia mabaya. Nilikuwa nikisema: simwombei mtu mabaya, naomba tu asiwe katikati.

Kijana mwenyewe aliitwa Lemayian. Kwa desturi yao, mtu akishafariki jina lake halitajwi tena, na nimelificha kinywani miaka hii yote. Kabla ya kuandika nilikwenda kumwuliza Naserian. Akasema niandike, kwa sababu karatasi haina sauti.

Lemayian alikuwa mrefu, mcheshi, amepaka nywele rangi nyekundu kama morani wenzake, na alimpenda mama yake bila kuona haya, jambo ambalo vijana wa rika lake hulificha. Alikuwa akinikuta pale anasimama mlangoni na fimbo yake begani. "Mama ya mafuriko," angesema, "leo umeleta maji ama umeleta sukari?" Nilianza kubeba sukari kwa ajili ya swali hilo.

Naserian aliwakusanya wanawake wenzake wa kando ya mto, na kwa muda mfupi wakanipita. Kila nyumba ikatundika mkoba karibu na mlango: kiberiti ndani ya nailoni, chumvi, blanketi la mtoto, kadi ya kliniki, kisu. Wakachagua kilima chenye kanisa la mabati kuwa mahali pa kukimbilia. Wakakubaliana nani atamshika nyanya yupi, nani atafungua ndama. Ndama ndio waliotuletea mjadala mrefu. Mutiso alitaka waachwe. Naserian alimwuliza kama yeye angemwacha mtoto wake ndani. Ndama wakaingia kwenye mpango.

Kilichobaki kilikuwa ni ishara. Hakukuwa na simu kule. Filimbi ya Mutiso tuliijaribu, upepo ukaimeza. Debe lilisikika vizuri mpaka ng'ombe walipoanza kulia. Chifu akaitisha baraza kwenye boma la akina Naserian, na hapo ndipo Mzee Koileken aliposimama. Hakuwa mtu wa kusema sana. Aliingia nyumbani akatoka na pembe ya tandala, ndefu, imejipinda, imekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka.

"Hii ilikuwa ya baba yangu," alisema. "Mimi naona maji kwanza, sababu boma yangu iko pale kwa kona. Nikiona, napiga. Hakuna mtu hatasikia."

Akaipiga. Sauti ilitoka chini kabisa, ikajaza bonde, ikapanda mpaka kifuani mwangu. Baraza zima lilipiga makofi. Mutiso alisimama akamshika mkono kwa mikono miwili. Nakumbuka fahari ya uso wa Koileken siku ile: mtu aliyepata namna ya kuwalinda watu wake kwa kitu cha baba yake. Hakuna aliyeona kasoro yoyote. Chifu hakuona, wazee hawakuona, Naserian hakuona.

Tulifanya mazoezi. Yalikuwa mazuri mno, na bado naweza kuwaona wale wanawake wakipanda kilima, watoto mgongoni, ndama wakikokotwa shingo, mmoja wao amebeba na buli la chai kwa sababu lilikuwa limeshachemka. Mazoezi tuliyafanya asubuhi siku za kazi, kwani ndipo gari la ofisi lilipatikana. Wanaume wakati huo walikuwa malishoni, au sokoni na mifugo. Mutiso alitania kwamba wanaume wa kule zoezi lao ni la kula nyama tu. Tukacheka, tukarudi Kajiado tumeridhika.

Kisha zikaja zile mvua za El Nino. Wenye umri wangu hawahitaji kuambiwa. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda, mbuzi wakafa wamesimama. Wiki kwa wiki tulikuwa tukisafisha nyumba na kugawa dawa ya maji. Siku ninayoisema mvua ilikuwa imepumzika. Jua lilikuwa limetoka kabisa, watu wameanika nguo kwenye ua wa miiba. Mimi nilikuwa kanisani kilimani nikigawa karatasi za nailoni za kuezekea, na Mutiso yuko kwenye gari anabishana na betri. Mto ulikuwa umeshuka, maji ya magoti tu. Asubuhi Lemayian alikuwa amevusha ng'ombe kwenda ng'ambo, kwenye mwinuko wa mawe ambako nyasi zilikuwa zimeota. Tulikuwa tunamwona kutoka kilimani, doa jekundu kati ya ng'ombe. Alikuwa salama kuliko sisi sote.

Pembe ikalia.

Wanawake hawakusita hata kidogo. Walipanda wote, kama tulivyozoea, na mikoba yao, na ndama wao. Naserian alikuwa chini kwa jirani, alipanda akimkokota bibi kizee mmoja aliyekuwa akimtukana kwa kumharakisha. Nilijisikia nikilia kwa furaha. Nilisema moyoni, imefanya kazi. Wanaume wachache waliokuwa upande wetu wao hawakupanda. Walikimbilia kwa Koileken, wana mikuki na rungu, wakiuliza simba yuko wapi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Lemayian.

Nilitazama ng'ambo. Lile doa jekundu lilikuwa limeacha ng'ombe. Lilikuwa linashuka mwinuko kwa kasi, shuka inapepea nyuma. Tangu anajua kusikia, Lemayian alikuwa ameambiwa kwamba pembe ikilia kuna mtu wenu anavamiwa, acha unachofanya, nenda. Na hii haikuwa pembe yoyote. Ilikuwa pembe ya nyumbani kwao, anaijua sauti yake, na baba yake anaipiga. Angebaki vipi?

Koileken naye alimwona. Alitoa pembe mdomoni akapiga kelele kwa sauti yake. Haikufika. Tayari tulianza kusikia maji, mngurumo wa mawe yanayoviringishwa. Akafanya ambalo mzazi yeyote angefanya akitaka mtoto wake amsikie. Aliirudisha pembe mdomoni, akaipiga kwa nguvu zaidi.

Lemayian akaongeza mbio.

"Wacha!" Naserian alipiga mayowe kando yangu. "Baba Lemayian, wacha! Unamwita! Unamwita!"

Alianza kushuka. Nilimshika kiuno, wanawake wengine wakamshika mikono, akatuburuta kwenye mawe. Kijana alifika mtoni. Aliingia bila kutazama juu wala chini, macho yake yako kwa baba yake. Alikuwa katikati maji yalipotokea kwenye kona.

Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku hiyo.

Tulimtafuta kwa siku nyingi, mpaka mto ulipoungana na mwingine na mwingine. Tulipata shuka yake imenaswa kwenye mgunga. Yeye hatukumpata. Koileken alitafuta hata baada ya wengine wote kuacha, anatembea peke yake ukingoni, na pembe alikuwa ameiziba mdomo kwa kitambaa na nta, akaitundika ndani juu ya kichumba cha ndama. Hakuna aliyemwita Baba Lemayian tena. Naserian naye watu hawakujua wamwite nani, kwa hiyo kwa muda mrefu hawakumwita.

Mutiso ndiye aliyesema tukiwa garini, baada ya kuegesha kando ya barabara kwa sababu hakuwa anaona vizuri. "Akina mama tuliwafundisha wapande. Wanaume wamefundishwa tangu utoto, ikilia unakimbia kusaidia. Na sisi hatukuwahi kuwaona hao wanaume hata siku moja." Alikaa na mikono kwenye usukani. "Mtu mzuri ndiye amekufa, Wairimu. Angekuwa mwoga angekuwa hai." Mwaka uliofuata alirudi kwao Machakos. Nilimzika miaka michache baadaye. Buti zake alikuwa ameacha wosia zipelekwe kwangu, na mume wangu ndiye anayezivaa shambani.

Nilidhani Naserian hatataka kuniona tena. Sikwenda mpaka mvua zilipoisha kabisa. Nilimkuta juu ya paa, anaziba. Hakunitazama buti. Alishuka, akanawa, akakaa chini, akalia, na mimi nikalia naye mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Sasa tutaanza upya. Na hao wanaume wataleta masikio yao."

Mkisoma vitabu vyenu vya mafunzo mtaona sura nzima kuhusu kushirikisha jamii. Naserian hakusoma sura hiyo. Alichofanya ni kuhamisha mazoezi kutoka asubuhi za kazi hadi kwenye dipu, siku ya kuogesha ng'ombe, wakati kila mwanaume yuko pale na hawezi kutoroka kwa sababu ng'ombe wake wako foleni. Alifuta habari ya pembe. Akaleta debe. Na alifundisha neno moja ambalo halikuwa kwenye kaniki yetu: kaa upande uliko. Usisikie mama, usisikie baba, usiangalie ng'ombe. Ukisikia sauti yoyote na uko ng'ambo, kaa ng'ambo. Aliwafanya watoto wa shule walirudie mpaka wakawa wanaliimba wakirukaruka kamba. Morani wenye mikuki walilirudia mbele yake, na hakuna aliyecheka.

Koileken hakuja dipu hata mara moja. Ng'ombe wake walipelekwa na jirani.

Miaka ikaenda. Tulipata ukame, tukapata mwingine. Ule wa mwisho kabla sijahamishiwa kazi za ofisini ulimaliza ng'ombe mpaka barabara ya Namanga ikanuka. Jambo moja nataka mlishike: baada ya ukame msisherehekee wingu la kwanza. Mvua ya kwanza ndiyo inayoua ng'ombe waliodhoofika, kwa baridi. Na kwa kuwa ng'ombe hakuna, hakuna kinyesi, na nyumba haziwezi kuzibwa, zinavuja juu ya watoto. Waambieni watu waweke kinyesi kikavu mapema. Watawacheka. Wacheni wacheke.

Wakati huo simu zilikuwa zimefika. Tulikuwa na mwalimu mmoja upande wa Tuala, mto unakotokea, ambaye akiona maji anatuma ujumbe, na kila boma linajua kabla hayajafika. Debe likaanza kuota kutu. Vijana wakasema mambo ya kelele yamepitwa na wakati, na mimi nilikubaliana nao.

Mvua iliyofuata ukame ule ilikuja na upepo. Nilikuwa kwa Naserian, nimemletea nailoni. Ilikuwa alasiri. Simu zetu zilikuwa hazina network tangu asubuhi, na hatukufikiria sana. Koileken, ambaye sasa alikuwa mzee kabisa, alikuwa amekaa mlangoni anatazama mto kama alivyofanya kila siku tangu mwaka ule. Akasema bila kugeuka, "Inakuja."

Tulitoka. Bado sikuona kitu, lakini yeye alikuwa ameona povu. Naserian alikimbilia debe, akalipiga. Upepo ulilichukua ukalitupa nyuma yetu. Chini kwenye mabomba ya maji watu waliendelea na shughuli zao. Na ng'ambo, kwenye njia ya shule, watoto walikuwa wanashuka kuja kuvuka, sare za kijani, viatu mkononi.

Naserian aliingia ndani akatoka na pembe. Alimpa mumewe.

"Piga, mzee."

Koileken alirudisha mikono nyuma. "Hapana."

"Debe haisikiki. Piga!"

"Nikipiga," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza jambo la kawaida, "atakuja."

Naserian hakubishana. Alitoa kile kitambaa kwa meno, akakwangua nta kwa kidole. Mwanamke kwao hapigi pembe. Aliipiga. Sauti ilitoka imepasuka, ya ndama mgonjwa, lakini ilikwenda. Chini nikaona watu wakinyoosha migongo, kisha wakianza kupanda kilima, wanaume kwa wanawake.

Koileken alikuwa ameshaondoka. Sijawahi kuona mzee akikimbia vile. Alishuka hadi ukingoni, akasimama kwenye jiwe, akainua fimbo yake kwa mikono yote miwili, ameitazama ng'ambo. "Rudi!" alipaza sauti. "Rudi nyuma! Usikuje! Usikuje!"

Watoto walikuwa wameshasimama. Walisimama pembe ilipolia, kabla mzee hajapaza sauti, mmoja ameshika mwingine mkono, kwenye mwinuko wa mawe. Walikaa upande walikokuwa. Maji yakatokea kwenye kona yakapita katikati yao na sisi, na miti yake, na hakuna aliyekuwamo.

Yeye hakushusha fimbo. Tulimfuata, tukamvuta nyuma kidogo, akakubali kuvutwa lakini hakukubali kugeuka. Aliendelea kutazama mwinuko ule mpaka mto ukaanza kushuka, na watoto wakaanza kutuimbia kutoka ng'ambo, na wazazi wakaanza kucheka na kulia. Hapo ndipo mikono yake iliposhuka. Naserian alimshika bega.

"Nimeangalia mpaka maji imepita," Koileken alimwambia. "Leo hajavuka."